JINA LA CHOMBO HALIZIBI TUNDU



Kumpa mtoto jina jema ni katika haki zake juu ya mzazi, na wazee wetu waliitanua haki hiyo mpaka ikafika kwenye vyombo vya bahari. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia wake Kaswa na nyumbu wake Duldul, na kila mmoja akijulikana kwa jina lake. Basi si ajabu mtu wa visiwani, ambaye jahazi ndiyo ngamia wake, kuliita jahazi lake Tawakal, au Subira, au Nia Njema. Hayo ni majina ya mtu ajuaye kwamba kutweka tanga ni kazi yake, na kufika salama ni kwa rehema ya Mola wake.

Lakini mwenye kutembea ufukweni siku hizi hukutana na majina ya namna nyingine. Amenunua mtu mashine na jirani yake hajanunua. Chombo kinaitwa Mtakoma. Ameachana na mkewe. Chombo kinaitwa Utanikumbuka. Anadaiwa thamani ya mbao. Chombo kinaitwa Wasemao Waseme, na hao wasemao si wengine bali ni wadai wake. Twacheka, na kucheka si haramu. Walakin kanga yenye fumbo huchakaa kwa miaka miwili, na fumbo likafa pamoja nayo. Mashua huishi miaka ishirini. Wagombanao hupatana siku ya tatu, na jina likabaki ubavuni likisomwa na watoto wa yule aliyefumbwa.

Wala asidhani mtu kwamba mzaha huu ni wa pwani yetu peke yake. Mwaka 2016 baraza moja la utafiti la Uingereza lilitafuta jina kwa meli mpya ya kuchunguza bahari za barafu, likawaalika raia wapendekeze na wapige kura. Raia wakachagua, kwa kura zaidi ya 120,000, jina la Boaty McBoatface, ambalo kwa lugha yetu tungeweza kusema Kimashua bin Uso-wa-Mashua. Wakubwa wakaona haya. Waziri akatangaza jina jingine, la Sir David Attenborough, bingwa wa elimu ya viumbe. Na jina lile lililoshinda wakapewa chombo kidogo kiendacho chini ya maji, mahali ambapo hapana wa kulisoma. Kura zilipigwa, zikahesabiwa, mshindi akajulikana, kisha akatangazwa mwingine. Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kufasiriwa kisa hicho.

Historia yetu wenyewe inalo jina la kujutia. Tufani ya mwaka 1872 iliangamiza merikebu za Sayyid Barghash. Katika alizozipata baadaye, moja aliiita Glasgow, kwa kuigiza manowari ya Kiingereza iliyokuwa na jina hilo la mji wa Uskochi. Ilikuwa ni heshima kwa rafiki mwenye nguvu. Asubuhi ya 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, Glasgow ikazamishwa hapo hapo bandarini na manowari za wale wale walioheshimiwa kwa jina lake. Katika zilizoupiga mizinga ua wa Sultani siku ile, mbili zilikuwa na majina ya videge, Thrush na Sparrow. Na huyo Sparrow ndiye shomoro wetu wa mapaani. Yenye jina la mji mkubwa ilizama, na yenye jina la shomoro ikaenda zake. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji mpaka mwaka 1912, kana kwamba inamwambia kila apitaye: jina la kujipendekeza halimkingi mwenye kujipendekeza.

Kwa sababu hiyo hatuisifu desturi ya kuvipa vyombo vya abiria majina ya wakubwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Serikali kilichoitwa MV Nyerere, kikiwa kimejazwa kupita kiasi, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200. Jina la mzee aliyekwisha kufariki tangu mwaka 1999 likawa linatajwa pamoja na hesabu ya maiti. Hiyo ndiyo heshima aliyokusudiwa?

Ama jina linalotuuma kuliko yote ni Spice Islander, maana yake mtu wa visiwa vya viungo. Mtu huyo ni nani, ikiwa si mkulima wa Pemba, anayeupalilia mkarafuu, akachuma, akaanika? Meli yenyewe iliundwa Ugiriki mwaka 1967 kwa jina jingine. Ilipokuja kwetu ikapakwa jina letu. Usiku wa 9 Septemba 2011 iliondoka Unguja kwenda Pemba, na kabla ya kupambazuka ikazama katika mkondo wa Nungwi. Tume iliyochunguza ilieleza kwamba ilichukua watu zaidi ya 2,400, na ruhusa yake haikufika 700. Waliokufa na waliopotea walikuwa zaidi ya 1,500. Mtu wa visiwa vya viungo aliandikwa ubavuni kwa rangi nzuri, na ndani yake akashindiliwa kama gunia la karafuu. Kabla ya kutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama karibu na Chumbe meli ya Skagit, yenye jina la mto wa Marekani ambalo wengi wa abiria wake hawakujua hata kulitamka. Moja ilikuwa na jina letu, nyingine ina jina la watu wa mbali. Bahari haikuulizia tofauti.

Sisi tuliokaa vyuoni tunakijua kisa cha Nabii Nuhu tangu utotoni. Kitabu kitukufu hakikututajia jina la safina yake. Kimetutajia mbao zake na misumari yake. Mwenye akili na azingatie.

Basi chama chetu kinasema hivi. Kwanza, idadi ya watu walioruhusiwa iandikwe ubavuni mwa kila chombo cha abiria, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa sawa na za jina, ili kila ajuaye kusoma awe yeye ndiye karani wa roho yake. Pili, daftari ya abiria isomwe kabla ya kung'oa nanga, na nakala ibaki nchi kavu; mtu asihesabiwe kwa mara ya kwanza akiwa maiti. Tatu, anayetoa ruhusa ya chombo kuondoka aweke jina lake chini ya ruhusa hiyo. Hilo ndilo jina tunalolitaka kulijua kuliko yote.

Na nyinyi wanachama wenye vyombo, tuna neno nanyi pia. Msiandike vijembe vya siasa ubavuni. Katika miaka ya 1957 hadi 1963 watu wa visiwa hivi walisusiana maduka, wakasusiana mabasi, na hata mazishi, na matunda yake tuliyala sote. Siku ya Spice Islander wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao vidogo kwenda kuokoa, na hapana aliyekuwa majini aliyeuliza kwanza chombo kile kinaitwaje na mwenyewe ni wa chama gani. Yule mnayemwandikia Mtakoma leo, huenda ndiye atakayewanyooshea kamba kesho.

Kiiteni chombo jina jema, kisha kikalafatini vyema. Anayetutawala naye tunamwambia maneno hayo hayo.

Wabillahi taufiki.

Mhariri