Usichague oili kwa kutazama jua la Lodwar

Kila Desemba magari ya familia huteremka kutoka Nairobi, Eldoret na Kitale kuelekea Lodwar na Kakuma. Wapo wanaopeleka watoto kwa nyanya yao, wapo wanaohudhuria harusi, na wapo walimu na wafanyakazi wa mashirika wanaorudi kazini. Kabla ya kuondoka, swali moja halikosi kuulizwa gereji: "Fundi, huko tunakokwenda jua ni kali. Si utuwekee oili nzito?" Na mara nyingi fundi hujibu, "Hapana shida, mzee," akachukua mkebe wa 20W-50 na kumimina.

Mpenzi msomaji, jibu hilo laweza kufaa gari moja na kulitia hasara jingine. Jumapili ya leo tutazame namna ya kuchagua oili ya injini kwa safari kama hiyo, maana oili ni kama damu mwilini. Huteleza kati ya vyuma ili visisagane, hubeba joto, huziba mwanya kati ya ringi na silinda, tena hukusanya masizi yasigande ndani. Ikiisha au ikiharibika, injini hukwama. Na gari kukwama kati ya Kainuk na Lokichar si sawa na kukwama Thika Road. Huko gereji ziko mbali, na sehemu hiyo imejulikana kwa miaka mingi kwa mashambulizi ya majambazi. Si mahali pa kukesha na watoto.

Tuanze na zile namba zilizo kwenye mkebe. Zilipangwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, nazo hueleza uzito wa oili. Uzito huu si ule wa mizani. Ni namna oili inavyotiririka: uji mwepesi hukimbia kikombeni, ugali haukimbii. Namba ya kwanza, yenye herufi W, huhusu wakati injini ikiwa baridi. W yenyewe ni neno la Kiingereza la majira ya baridi. Kadiri namba hiyo ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika kila pembe ya injini unapoiwasha asubuhi. Namba ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa moto, katika kipimo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Hivyo 5W-30 ni nyepesi kuliko 20W-50 asubuhi, na pia ni nyepesi kuliko hiyo safarini.

Kwa nini namba ziwe mbili? Barabara ya Turkana yenyewe yatoa jibu. Alfajiri unapita Kapenguria, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, umevaa sweta. Unashuka Marich, na alasiri uko Lodwar, kwenye mita 500 hivi, ambako nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Zamani madereva walitumia oili ya namba moja tu, kwa mfano 40. Asubuhi ya baridi ilikuwa nzito kama asali, na injini ikipata moto ikawa nyepesi mno. Oili ya namba mbili hutiwa kemikali maalumu zinazoizuia isibadilike kupita kiasi.

Hata mafuta yaliyogunduliwa Turkana yenyewe, katika kisima cha Ngamia 1 mwaka wa 2012, hufundisha somo hilo. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa. Ndiyo sababu yalipoanza kusafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa mwaka wa 2018, yalitiwa katika matangi maalumu yanayohifadhi joto. Joto likipungua, mafuta huwa mazito. Joto likizidi, huwa mepesi. Wenye gari wote yafaa wakumbuke hilo.

Sasa tuje kwa jua la Lodwar. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa huko ni moto kuliko Nairobi, basi oili ndani ya injini nayo itachemka zaidi na kuwa maji. Lakini injini ina joto lake. Maji ya rejeta hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, na oili mara nyingi hufika 100 au kupita. Thamostati hufunguka na kufungika ili kulinda kiwango hicho, uwe Limuru au Lokichoggio. Tofauti ya nyuzi kumi za hewa ya nje ni ndogo ukiilinganisha na moto ulio ndani. Kinachoamua uzito wa oili kwanza ni nafasi zilizoachwa na kiwanda kati ya chuma na chuma.

Injini nyingi za magari madogo ya Japani ya siku hizi zina nafasi nyembamba sana, na viwanda vyake hutaka 5W-30 au hata 0W-20. Zile za Toyota zilizoandikwa VVT-i hutumia msukumo wa oili, kupitia vijia vidogo, kurekebisha wakati wa vali kufunguka. Ukiitilia injini kama hiyo 20W-50 kwa kuogopa jua, oili huchelewa kufika asubuhi, petroli huliwa zaidi, na mpango wa vali waweza kuvurugika. Kwa upande mwingine, Land Cruiser za dizeli za muundo wa zamani, zile zilizozoeleka Kakuma tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka wa 1992, kwa kawaida hutumia 15W-40 ya dizeli. Jirani yako akikuambia anatumia namba fulani, muulize kwanza anaendesha gari gani.

Kwa hivyo fungua kitabu cha gari. Ikiwa gari lilitoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani, usikate tamaa; namba za SAE huandikwa kwa tarakimu zile zile. Tazama pia kifuniko cha kutilia oili, kwani magari mengi yamechapwa namba hapo. Baadhi ya vitabu huwa na mchoro unaoruhusu namba mbili au tatu kulingana na hali ya hewa. Hapo ndipo jua la Lodwar linapopata nafasi yake: kwa safari ya joto na mzigo, chagua ile iliyo nzito zaidi miongoni mwa zilizoruhusiwa, wala usitoke nje ya mchoro. Injini iliyochakaa na inayokula oili yaweza kupandishwa daraja moja kwa ushauri wa makanika aliyeipima, lakini oili nzito haiponyi ringi zilizolika.

Baada ya namba, soma herufi za API. Zikianza na S ni oili ya petroli, kama SN ya mwaka wa 2010 au SP ya 2020. Zikianza na C ni ya dizeli, kama CI-4 au CK-4. Kwa petroli, kadiri herufi ya pili ilivyo mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. Mkebe usio na herufi hizi uuache rafuni, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa. Rahisi ghali.

Wenye bodaboda nao wasisahauliwe. Katika pikipiki nyingi, injini na klachi huogelea katika oili moja. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano, nazo huifanya klachi iteleze. Tafuta iliyoandikwa JASO MA.

Adui mkubwa kuliko jua ni vumbi. Lami mpya imewekwa sehemu kubwa kati ya Lokichar na Lokichoggio, lakini ukiiacha na kuingia vijijini utakutana na mchanga na upepo. Vumbi likipenya filta ya hewa huingia kwenye silinda, likachanganyika na oili na kuifanya kama msasa. Kwenda polepole mchangani na mzigo mzito, bila upepo wa kutosha kupoza injini, nako huichosha oili mapema. Viwanda huita hali hii matumizi magumu, na kwa kawaida hutaka muda wa kubadilisha oili upunguzwe, mara nyingi kwa nusu. Kama kitabu kinasema kilomita 10,000, ukirudi kutoka Kakuma usizingoje. Badilisha ukifika 5,000, pamoja na filta yake, na ukaguliwe ule wa hewa kila uingiapo vumbini.

Safarini, fanya haya kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Simamisha gari mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Usiizidishe, kwani ikizidi huchapwa na kranki ikatoa povu. Oili nyeusi katika injini ya dizeli si ugonjwa. Ni masizi yaliyokusanywa, na ndiyo kazi yake. Iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji ndani, na hapo usiendelee na safari. Beba lita moja ya akiba ya namba ile ile. Ikitokea dharura na huna, oili yoyote nzuri ya injini ni bora kuliko kukauka, ila uibadilishe ukifika.

Jihadhari na oili bandia. Wapo walaghai wanaochuja iliyotumika na kuijaza katika mikebe inayofanana na mipya. Nunua penye sifa, kagua muhuri wa kifuniko, na tafuta alama ya ubora ya KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo yaweza kuthibitishwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Ukimaliza mkebe, utoboe kabla ya kuutupa.

La mwisho linahusu wenyeji wako. Ukibadilisha oili Lodwar au Kakuma, usikubali ile chafu imwagwe mchangani. Maji ya kunywa huko hutoka chini ya mchanga huo huo, kando ya Turkwel na Tarach, ambako akina mama na watoto huchota. Itie katika mtungi na uiache gereji inayoikusanya, au urudi nayo.

Basi fungua kitabu, soma mkebe na uhesabu kilomita za vumbi. Kufanya hivyo hakuchukui hata nusu saa, na injini mpya hainunuliwi kwa pesa za karo. Jumapili ijayo tutazungumzia maji ya rejeta. Safari njema!