Kulipia tathmini ya jina la tovuti? Mimi nasema hapana

Kijana mmoja anayelima nyanya hapa Kisesa kanionyesha barua pepe. Mtu asiyemjua anataka kununua jina la tovuti yake, lile la .co.tz, kwa dola 3,000. Sharti moja tu: kwanza alipie cheti cha tathmini, dola 90, kwenye kampuni aliyoichagua huyo huyo mnunuzi.

Jamani, ukipeleka ng'ombe mnadani, mnunuzi alishawahi kukwambia umlipe kwanza rafiki yake ndiyo akadirie bei? Huu utapeli ni wa zamani. Ukishalipa, mnunuzi hapatikani tena, maana mara nyingi yeye na muuza cheti lao moja.

Ni kweli majina ghali yapo. Voice.com liliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Lakini hilo ni neno fupi, linajulikana dunia nzima. Jina la shamba lako linawafaa wewe na wateja wako. Mtu wa mbali alitakie nini? Makisio ya bure yapo mtandaoni, nayo ni hesabu ya kompyuta tu. Mnunuzi wa kweli anataja bei, mnapatana.

Nimemwambia asijibu. Hela ile alipie jina lake la mwaka huu, inayobaki apeleke udongo Ukiriguru ukapimwe kabla hajapanda tena.