Majani ya Plastiki Katika Mji wa Msitu

Huko Ulaya, toka Septemba hata Novemba, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Watu huyaokota, hupanga maboga mlangoni, na kushangilia mavuno yao. Hatuwalaumu: wapamba kwa vitu vya nchi yao. Kwetu Kisangani, kaskazini kidogo ya ikweta, miezi hiyo ni ya mvua kubwa, na msitu hauvui nguo yake. Walakini sikukuu tunazo: Watakatifu Wote, Mwenye Heri Anuarite tarehe 1 Desemba, kisha Noeli. Nasi twapamba nyumba kwa nini? Kwa majani ya plastiki yaliyovuka bahari! Je, si jambo la kuchekesha, mtu wa msitu kununua jani?

Wengine watatujibu: «Makuti ni mapambo ya kimaskini, plastiki ndiyo maendeleo.» Twawauliza: Jumapili ya Matawi twashika nini mkononi? Kuti lililofaa kumshangilia Bwana barabarani, limekosa heshima gani hata lisifae mlangoni petu?

Wengine husema: «Plastiki hudumu, ndiyo akiba.» Kweli hudumu, na hapo ndipo penye hasara. Baada ya mwaka mmoja au miwili ua lile limepauka, nalo latupwa. Mvua yalikokota mpaka mferejini, huko Mangobo au Kabondo. Mfereji waziba, maji yaingia kwa jirani. Hatusemi kwamba plastiki ndiyo iliyoufurisha Mto Kongo mwanzoni mwa mwaka 2024. Mto mkubwa una sababu zake. Twasema juu ya mfereji wa mtaani, ambao twauziba kwa mikono yetu wenyewe. Na anayechoma takataka hizo uani asidhani amemaliza kazi. Mengi ya mashada yale yanayometameta ni ya plastiki iitwayo PVC, ambayo ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Nani auvutaye kwanza? Mtoto achezaye karibu.

Serikali yetu, kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza mifuko ya plastiki. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alikemea desturi ya kutumia na kutupa. Lakini amri haina mikono. Mikono ni yetu.

Basi tufanyeje? Tutazame Wagenia pale kwenye maporomoko. Mitego yao ni ya miti na kamba za msitu. Ikichakaa, huoza na kurudi ilikotoka. Nasi tufanye vivyo hivyo. Tusuke makuti ya mchikichi, tutie maua ya uani. Lituma na samaki tuviandae juu ya majani ya mangongo, wala tusinunue sahani za kutupa. Ila tukate kwa akili: tuchukue makuti ya pembeni, tusiguse kichwa cha mti, maana mchikichi una chipukizi moja tu, na likikatwa mti hufa. Kuharibu msitu kwa ajili ya pambo ni kosa lile lile kwa sura nyingine.

Enyi akina baba, fedha ya ua la plastiki ni fedha ya daftari la mtoto. Enyi akina mama, waiteni watoto wasuke pamoja nanyi. Kazi hiyo yenyewe ni nusu ya sikukuu. Mgeni akiingia nyumbani, akute harufu ya majani mabichi na chakula cha kumtosha. Sikukuu ikiisha, makuti yatupwe chini ya mgomba, yawe mbolea. Nyumba iliyopambwa hivyo haimdhuru jirani. Ile iliyopambwa kwa kitu kitakachoziba mfereji wake, yamtakiaje Noeli njema?