Tutafute Chanzo, Tusitafute Mchawi



Wapendwa waamini, yuko mama mmoja ambaye kila Dominika hufika kanisani akiwa amefunika shavu la kulia kwa kitenge, maana upepo wa asubuhi katika vilima vyetu vya Ngara ni mkali. Haimbi. Wakati wa kutakiana amani hutoa mkono huku amegeuza uso pembeni, asiguswe. Akisha kupokea Komunyo Takatifu hurudi benchi la nyuma machozi yakimtiririka. Wapo waliosema ana maringo. Wapo walionong'ona kwamba ana pepo asiyependa Misa.

Ukweli ni mwingine. Kutafuna, kunawa uso, kusema neno moja, au hata kupigwa na upepo kidogo, humletea shavuni maumivu kama ya kupigwa na umeme. Hudumu kwa nukta chache tu, kisha huondoka, kisha hurudi. Kwa kudhani kwamba ni jino, alikwisha kung'olewa meno matatu mazima, na maumivu yakabaki palepale. Hatimaye ndugu zake walimpeleka kwa mpiga ramli, naye akawaelekeza kwa jirani. Mama huyo na jirani yake walikuwa wakisali katika jumuiya ndogo ndogo moja kwa miaka mingi. Leo hawasalimiani.

Nasi yatupasa kukiri kosa letu. Alipotujia kwa mara ya kwanza tulimwambia auchukue msalaba wake kwa uvumilivu, tukambariki, tukamwacha aende zake. Hatukumwuliza maumivu yanaanzia wapi, yanakuja lini, wala yanachochewa na nini. Tulimpa jibu kabla ya kumsikiliza.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Tabibu John Fothergill wa London aliueleza kwa makini mwaka 1773. Kitaalamu huitwa nyuralgia ya trijemina. Trijemina ni neva ya tano ya ubongo, yaani mshipa wa fahamu unaoupa uso hisia, wenye matawi matatu: moja huelekea paji la uso na jicho, la pili shavu na taya la juu, la tatu taya la chini. Kwa kuwa matawi mawili kati ya hayo huhudumia meno, si ajabu mgonjwa akadhani jino ndilo linalouma, na meno yasiyo na hatia yakang'olewa.

Chanzo chake ni nini? Mara nyingi ni mshipa wa damu ulioigusa neva hiyo karibu na shina la ubongo, ukaigandamiza kwa kila pigo la moyo hadi ala inayoifunika ikachakaa. Tufikirie waya wa umeme uliochunika plastiki yake: ukiguswa kidogo tu, cheche huruka. Mara chache chanzo huwa uvimbe, au ugonjwa unaoharibu ala za neva mwilini. Na wapo wagonjwa ambao, hata baada ya vipimo vyote, chanzo hakionekani.

Hapo ndipo penye jaribu kubwa. Moyo wa mwanadamu hauvumilii maumivu yasiyo na sababu. Tukikosa jibu la swali "ni nini?", upesi tunauliza "ni nani?" Wanafunzi wa Bwana nao walifanya hivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe, kisha akamshughulikia mgonjwa. Tunaomba kila familia isome tena sura ya tisa ya Injili ya Yohane juma hili.

Tusidhani kwamba tunakataza kutafuta chanzo. La hasha! Januari 2025 hapa jirani, wilayani Biharamulo, ulitangazwa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg. Watu kumi walihesabiwa kuwa wagonjwa, wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa dalili na mazingira yao, na wote kumi walifariki dunia. Waliofuatilia waliokutana na wagonjwa, wakachukua sampuli na kuzipima, walikuta kirusi, hawakukuta mchawi. Tarehe 13 Machi mwaka huohuo mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Kutafuta kwa namna hiyo huokoa maisha. Ramli chonganishi haijamponya mtu yeyote, bali imewaacha wajane wazee wa Kanda ya Ziwa wakiuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujue kwamba daktari huutambua ugonjwa huu hasa kwa kumsikiliza mgonjwa. Mgonjwa na aeleze bila haya: upande gani, muda gani, kitu gani kinachochea. Kabla ya kukubali kung'olewa jino la pili, aulize kama tatizo laweza kuwa la neva.

Pili, dawa ipo. Inayotangulia kutumika ni kabamazepini, ambayo wengi wanaifahamu kuwa ya kifafa. Mama wetu aliandikiwa dawa hiyo, akaificha chini ya godoro akiogopa kuitwa mwenye kifafa. Dawa moja yaweza kutibu maradhi mawili, ndugu zangu, wala kifafa chenyewe si aibu. Lakini isinunuliwe bila daktari, kwa kuwa huingiliana na dawa nyingine, zikiwamo baadhi za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na za uzazi wa mpango. Isiachwe ghafla, na vipele vikitokea mgonjwa arudi hospitali mara moja.

Tatu, wengine watahitaji picha ya ubongo au upasuaji, na hapo huja safari ya Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, lakini nauli, malazi na vipimo bado ni mzigo mzito kwa mkulima wa migomba. Maoni yetu ni kwamba mzigo huo ni wa jumuiya nzima. Tunaochangiana kwa furaha katika harusi tushindwe kumchangia mgonjwa?

Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na anatufundisha pia kusali tuwapo wagonjwa. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Hata mwenye maumivu makali ya muda mrefu na aje auombe.

Mama yetu sasa anameza dawa yake. Maumivu yamepungua, hayajakwisha, na chanzo hakijajulikana. Lakini jirani aliyesingiziwa hajasikia neno la kuombwa msamaha. Uponyaji huo hauhitaji safari ya Mwanza. Ni hatua chache tu kupita migombani, na sisi tumeahidi kwenda pamoja naye.

Mungu awabariki nyote. Amina.