Farasi Apimwe, Lakini Mtu Asihukumiwe Upesi

Katika mjadala wetu wa muhula huu wenzangu wengi walishika neno moja: kitu alichoumbwa nacho farasi hakiwezi kuitwa dawa, basi kukitafuta katika mkojo wake baada ya mbio ni kupoteza fedha. Mimi sikubaliani nao, wala sikubaliani kabisa na hao wanaopima.

Testosteroni ni homoni ya kiume, nayo hukuza misuli. Farasi aliyehasiwa hana kokwa tena, ila tezi zilizo juu ya mafigo yake huendelea kutoa homoni hiyo kidogo sana. Jike naye anayo. Sasa mdanganyifu akimdunga mmoja wao testosteroni ya chupa, homoni ni ile ile, na mpimaji akiiona tu hajui imetoka wapi. Ndiyo sababu Shirikisho la Kimataifa la wasimamizi wa mbio za farasi limeweka mpaka: mkojo wa aliyehasiwa usizidi nanogramu 20 katika mililita moja, na wa jike asiye na mimba usizidi 55. (Gramu moja ukiigawa mafungu elfu milioni, fungu moja ndilo nanogramu.) Dume asiyehasiwa hakuwekewa mpaka wa testosteroni, maana hutoa nyingi mwenyewe, tena, ajabu, hutoa hata nandroloni, ambayo wanariadha huadhibiwa kwayo.

Mpaka huo wafaa kwa walio wengi. Lakini jike mwenye uvimbe fulani wa ovari aweza kuupita bila kuguswa na sindano. Na kwa sheria za mbio, huko Uingereza na kwingineko, mwalimu wa farasi ndiye ajibuye kwa chochote kitakachoonekana. Jina lake likiisha kuandikwa gazetini, nani atalifuta? Na saisi aliyelala zizini, watu watamtazamaje?

Naona yafaa asihukumiwe mtu kabla daktari wa mifugo hajamkagua mnyama, na mkojo kuchukuliwa tena baada ya majuma kadhaa, pasipo kupeleka habari mbele. Homoni ya uvimbe itaonekana tena; ya sindano itakuwa imepungua. Tena zikatwe nywele za shingoni. Testosteroni ya sindano mara nyingi huunganishwa na asidi ikawa esta, ili ikae mwilini siku nyingi, na mwili wa farasi hautengenezi esta hizo. Zikionekana katika unywele, hapana udhuru. Zisipoonekana, hilo peke yake halimtakasi mtu.

Mtaniambia gharama ni kubwa. Haya, lakini ni mchezo wa watu wanaonunua mnyama mmoja kwa maelfu ya pauni; hawatashindwa na mkasi na bahasha. Wakati wa kungoja majibu farasi asikimbie. Hapo sioni dhuluma, kwa maana kama ni uvimbe, anahitaji daktari kuliko kiwanja cha mbio.