Uchachu wa Zabibu si Uchachu wa Siki

Wako wengi ambao, wakimiminiwa kwa mara ya kwanza mvinyo mweupe wa kiwanda kidogo cha Dodoma, hukunja uso, huiweka bilauri mezani, kisha huuliza kwa upole kama chupa ile haikukaa mno dukani. Wengine huomba soda wachanganye. Si ajabu. Lugha yetu yenyewe ina neno moja, kuchacha, kwa pombe inayoumuka na kwa mchuzi uliolala ukaharibika. Na kilichochacha, mama wa nyumbani hukimwaga.

Leo, ndugu msomaji, nautetea uchachu huo. (Ambaye imani yake humkataza kileo na aisome habari hii kama habari ya kilimo, na mama mjamzito aiache bilauri kabisa.)

Mizabibu ya Dodoma ilianza kupata sifa kutokana na ile iliyopandwa na wamisionari Wakatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950. Mzabibu ni mti wa nchi zenye majira ya baridi, ambako hupukutisha majani na kulala. Dodoma, nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, hakuna majira hayo. Hivyo mkulima huulaza na kuuamsha mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea, naye hupata mavuno mawili kwa mwaka, moja la wakati wa mvua na jingine la kiangazi. Miongoni mwa mbegu zinazotunzwa katika kituo cha utafiti cha Makutupora imo Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Sifa yake kubwa ni kuishikilia tindikali yake hata juani.

Hapo ndipo penye kazi. Kadiri zabibu inavyoiva ndivyo sukari inavyopanda na tindikali inavyoshuka, na joto huiharakisha hasara hiyo. Bahati ni kwamba Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kutafuta blanketi; ubaridi huo huyahifadhi matunda ya kiangazi. Hata hivyo mtengenezaji hana budi kuchuma alfajiri, kukamua mara moja na kuyatenga maji na maganda, kisha kuyaacha yaumuke polepole katika ubaridi wa nyuzi kama 15 za Selsiasi. Yakiumuka kwa joto la mchana wa Dodoma, harufu yote ya tunda hupotelea hewani. Kiwanda kikubwa kina mitambo ya kupoza. Kidogo aghalabu kina tangi chache na mtu asiyelala. Kwa hiyo uchachu safi ndani ya bilauri ni dalili ya mtu aliyewahi kuamka.

Jinsi ya kuutambua? Usiunywe baridi kama barafu, maana ulimi uliokufa ganzi hauonji kitu. Utoe katika jokofu, uusubiri robo saa. Utazame mbele ya kitambaa cheupe: rangi ya majani makavu ni njema, rangi ya chai ya rangi si njema. Unuse kabla ya kunywa. Siki hupiga puani, na mvinyo ulioharibika zaidi hunuka kama rangi ya kucha. Mvinyo mzima hunukia tofaa bichi, pengine pera, pengine asali kidogo. Kisha kunywa funda dogo. Uchachu wa zabibu hujaza mate pembeni mwa ulimi, kama ndimu, halafu huondoka na kuacha kinywa safi. Wa siki hukwama kooni na kuunguza.

Ukikuta chembe zinazong'aa chini ya chupa, usiirudishe dukani kwa ghadhabu. Si vipande vya kioo wala sukari. Ni chumvi ya tindikali ya zabibu yenyewe, iliyoganda kwa ubaridi, nayo haina madhara. Viwanda vikubwa huiondoa mapema ili kumpendeza mnunuzi.

Jambo hili si la anasa ya ulimi peke yake. Zabibu ikishaiva haisubiri. Kiwanda ambacho matangi yake bado yamejaa mvinyo wa msimu uliopita hakiwezi kupokea matenga mapya, na mkulima mwenye ekari moja hubaki akiyatazama matunda yake yakioza mtini. Chupa moja hula zabibu za kilo moja na zaidi kidogo. Chupa iliyokataliwa kwa kudhaniwa siki basi ni kilo iliyokosa mahali pa kwenda.

Usiuandalie keki, utamu wa keki huufanya mvinyo uonekane mkali kuliko ulivyo. Uandalie sato wa kukaanga, kuku wa kuchoma, au pweza wa nazi, kwa sababu uchachu huyakata mafuta kama ndimu ikatavyo. Chupa ikibaki nusu, izibe na kuirudisha katika jokofu: itafaa siku mbili, pengine tatu. Baada ya hapo mwagia kikombe kimoja katika sufuria ya samaki, kabla ya nyanya, na uuache uchemke bila kifuniko.