Mpox Maniema: kirusi kinachokuja na mashine yake, na kipimo kinachohitajika Kalima

Mji wa Kalima, katika wilaya ya Pangi mkoani Maniema, unaishi kwa kasiteriti: zamani chini ya Symétain, kisha SOMINKI, leo SAKIMA na wachimbaji wadogo. Watu wanaingia na kutoka, wengi wanalala chumba kimoja, na msitu uko karibu pamoja na nyama yake. Mahali kama hapo mpox haikosi njia. Tarehe 5 Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kwamba ugonjwa huo si tena dharura ya kimataifa. Tangazo hilo halibadilishi jambo kubwa kwa Maniema, kwani huko mpox ilikuwa ikiugua watoto kabla dunia haijaanza kuizungumzia.

Tangu Agosti 2024, wakati Africa CDC na OMS zilipotangaza dharura kwa siku mbili mfululizo, mambo matatu yamesemwa sana: vipimo, dawa na chanjo. Hayakuleta matokeo sawa. Sababu kubwa inapatikana ndani ya seli ya mgonjwa, katika namna kirusi kinavyosoma jeni zake.

Kirusi cha mpox ni kikubwa. ADN yake ina karibu herufi 197.000 na jeni zinazokaribia 190, wakati virusi vingine vinaishi kwa jeni chini ya kumi. Virusi vingi vya ADN, kama vile vya herpesi, vinaingia hadi kwenye kiini cha seli na kutumia mashine za mwenyeji ili jeni zao zinakiliwe kuwa ARN. Kirusi cha mpox hakifiki huko. Kinabaki nje ya kiini, na kinakuja na mashine yake ya kunakili ikiwa tayari imefungwa ndani. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1967 kwa ndugu yake, kirusi cha vaksinia kilichotumika kuchanja watu dhidi ya ndui. (Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, kilichoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, nacho kinasafiri na mashine yake. Wafugaji wa nguruwe wa mashariki mwa Kongo wanaijua hasara yake.)

Kazi inafanyika kwa zamu, kama kwenye chimbo. Zamu ya kwanza inaanza dakika chache tu baada ya kirusi kuingia, hata kabla ganda lake la ndani halijafunguka. Kwa vaksinia, jeni 118 hivi ni za zamu hiyo. Baadhi zinatengeneza vifaa vya kuzidisha ADN, nyingine zinanyamazisha kengele ambayo seli ingepiga kuita kinga ya mwili. ADN ikishazidishwa, inaanza zamu ya kati, ambayo inatengeneza protini zinazofungulia zamu ya mwisho. Hii ya mwisho ndiyo inajenga mwili wa virusi vipya. Inatengeneza pia protini za kuanzisha zamu ya kwanza, zinazofungwa ndani ya kirusi kipya ili kikifika kwenye seli nyingine kisimsubiri mtu.

Tukija kwenye dawa. Tecovirimat, ambayo wengi waliitegemea, haigusi usomaji wa jeni hata kidogo. Inazuia protini moja inayosaidia kirusi kuvaa koti la nje ili kitoke kwenye seli. Jaribio kubwa la dawa hiyo, PALM007, lilifanywa na INRB pamoja na Wamarekani huko Tunda, hapa hapa Maniema, na Kole katika Sankuru, kwa wagonjwa 597. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti 2024: dawa haikufupisha siku za vidonda. Lakini vifo kati ya washiriki wote, waliopewa dawa na wasiopewa, vilikuwa asilimia 1,7, wakati kawaida nchini ni asilimia 3,6 au zaidi. Wagonjwa wote walilazwa, wakalishwa, wakatibiwa maambukizi mengine. Habari hiyo ya pili ilipaswa kupigiwa kelele kuliko ya kwanza.

Chanjo ya MVA-BN, iliyofika Kinshasa Septemba 2024 na kuanza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba mwaka huo, inatumia zamu hizo hizo kwa faida yetu. Ni vaksinia iliyodhoofishwa. Ndani ya seli ya binadamu jeni zake zinasomwa na protini zinatokea, kwa hiyo kinga inajifunza sura ya adui, lakini virusi vipya vinashindwa kujengwa. Ukiambiwa sokoni kwamba chanjo inampa mtu mpox, hapo ndipo penye jibu.

Vipimo ndivyo vinavyogusa Kalima zaidi. Aina mpya ya kirusi, inayoitwa Ib, ilijitokeza Kamituga, Kivu Kusini, mwezi Septemba 2023, nako ni mji wa machimbo. Aina hiyo imepoteza kipande cha ADN chenye jeni ya OPG032, mojawapo ya zile za kupambana na kinga. Kwa bahati mbaya, kipimo cha PCR kilichotumika kutambua virusi vya kundi la kwanza kilikuwa kinatafuta kipande hicho hicho. Mgonjwa wa Ib anaweza kuwa na vidonda mwili mzima, na kipimo hicho kiseme kundi la kwanza halipo. Vipimo vya jumla vya mpox bado vinamwona.

Maniema ina misitu ambamo aina ya zamani, Ia, inatoka kwa wanyama, na ina wachimbaji wanaoweza kuleta Ib kutoka Kivu. Kutenganisha hizo mbili kunaamua nani afuatiliwe: jamaa waliokula nyama ya msituni, au wenzake wa chimboni na wapenzi wake. Sampuli nzuri ni ya kidonda au gamba lake, si damu. ADN inavumilia safari kuliko ARN, ila si safari isiyo na mwisho. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia ya kwenda maabara ya INRB ya Goma si ya kutegemea. Inabaki Kinshasa, kwa ndege kutoka Kindu. Kabla ya hapo kuna barabara ya Kalima hadi Kindu, na msimu wa mvua kila dereva wa pikipiki anajua sampuli itakaa siku ngapi njiani. Mashine ndogo ya kupimia mkoani, yenye kemikali zisizotegemea OPG032, ingepunguza siku hizo.